DALADALA TATU KWA MPIGO! NIMEZIFUATA MPAKA MEZANI KWA VISODA NA DADU

Mpenzi msomaji, hebu niambie kama wewe hii haijawahi kukukuta. Umesimama kituoni Tabata Relini, saa 1 kasorobo asubuhi, nguo umepiga pasi, viatu umefuta vumbi, nywele zimetulia. Gari hakuna. Dakika 10, hakuna. Dakika 20, hakuna. Kituo kimefurika mpaka muuza karanga kahamia ng'ambo ya barabara. Mara unaona taa kwa mbali, si moja wala mbili, ni TATU! Ya kwanza imeshona, konda ananing'inia mlangoni kama popo. Ya pili ina watu nusu. Ya tatu tupu kabisa, inapiga honi kama imebeba bibi harusi. Zote ruti moja, zote Segerea–Kariakoo, zimefuatana kama vifaranga na mama yao.

Mimi ilinikuta siku ya usaili. Jina la ofisi niachie mwenyewe. Kazi yenyewe ilikuwa ya kupokea wageni, mshahara si wa kutisha lakini kwa mtu aliyemaliza kidato cha nne na anayeishi kwa kuandika makala moja moja kama mimi, ilikuwa ni kuukata. Niliambiwa niwe pale saa 2:30. Nilifika saa 3:20, jasho linatiririka, vipodozi vimehama. Mlinzi akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Dada, wenzako wameshaingia wote, na bosi hapokei wa nyongeza." Nikageuka. Usiombe yakukute.

Nyumbani nikamwaga hasira zote kwa binamu yangu, anayesomea mambo ya kompyuta chuoni. Nikamwambia madereva wa ruti yetu ni wahuni, wanakaa Segerea wanapiga soga halafu wanaondoka kundi zima. Binamu akacheka. Akaniambia, "Wahuni wapo, lakini hata wangekuwa malaika watupu, gari zingekuja tatu tatu vilevile. Lete maharage ya mama nikuonyeshe."

Mwenzenu nikajua huyu kishadata.

KALENDA, VISODA, MAHARAGE

Tulichukua kalenda ya zamani, tukaigeuza nyuma, binamu akachora mstari wenye vyumba 12. Kila chumba ni kituo. Visoda vinne vya soda ndiyo daladala zetu. Maharage ndiyo abiria. Na dadu moja tuliyoiazima kwenye ludo ya watoto wa jirani ndiyo foleni ya barabarani.

Sheria zake zilikuwa rahisi, na nazitaja kwa sababu najua kuna mtu atajaribu leo usiku. Kila raundi ni dakika 1. Kila dakika inapopita, kila kituo kinaongezwa haragwe moja, maana abiria hawaachi kuja. Kisoda kinaondoka stendi kila baada ya dakika 6, bila kuchelewa, kwa adabu zote. Kikitaka kwenda kituo cha mbele unarusha dadu: ikitoka 1 mpaka 4 kinasogea, ikitoka 5 au 6 kimekwama kwenye foleni dakika hiyo. Kikifika kituoni kinazoa maharage yote, lakini kila maharage 4 yanakula dakika 1 ya kupakia. Kushuka kwa abiria tulikusamehe kwanza.

Basi tukaanza. Mwanzoni mambo safi, visoda vimepangana kwa nafasi kama askari wa gwaride. Kisoda cha kwanza kikatupiwa 6, halafu 5, halafu 6 tena. Kikachelewa. Sasa angalia utamu wake: kwa sababu kimechelewa, kituo kinachofuata kimejaza maharage 9 badala ya 6. Maharage 9 yanakula dakika 2 badala ya 1. Kimechelewa zaidi. Kituo cha mbele yake maharage 12, dakika 3! Huku nyuma, kisoda cha pili kinapita kwenye vituo ambavyo vimetoka kuzolewa muda si mrefu, maharage mawili, matatu, hakisimami, kinateleza tu. Kufika chumba cha nane vikawa vimegusana. Ile ile picha ya Relini, mezani kwa mama, na hakuna suka yeyote aliyekaa kupiga soga.

Nilinyamaza kimya. Yaani lile gari lililoshona na lile tupu linalolifuata ni ugonjwa mmoja. Aliyechelewa anazidi kuchelewa, aliyewahi anazidi kuwahi, mpaka wanakumbatiana. Binamu akaniambia jambo hili liliandikwa kitaalamu tangu mwaka 1964 na watu wawili, Newell na Potts, wakionyesha kwa hesabu kwamba kucheleweshwa kidogo tu kwa basi moja kunatosha kuvuruga msululu mzima.

DAKIKA 5 ZINAVYOGEUKA 8

Hapa naomba utulie kidogo, msomaji, hesabu yenyewe ni ya darasa la saba.

Tuseme ruti ina daladala 6 kwa saa. Zikija kwa nafasi sawa, kila dakika 10, wewe unayefika kituoni bila kujua saa utasubiri wastani wa dakika 5. Sasa gari zile zile 6, dereva wale wale, mafuta yale yale, lakini zimejipanga mbili mbili: pengo la dakika 18, halafu dakika 2, halafu 18, halafu 2. Saa nzima ina dakika 60, na 54 kati ya hizo zimo ndani ya mapengo marefu. Maana yake abiria 54 kwa kila 60 wanaangukia kwenye pengo refu na kusubiri wastani wa dakika 9. Wale 6 waliobaki, wenye nyota, wanasubiri dakika 1. Ukijumlisha na kugawa unapata dakika 8 na sekunde 12.

Gari hazijapungua hata moja! Mkubwa akitoka redioni kusema ruti fulani ina gari 6 kwa saa, hajadanganya. Na wewe ukisema gari hazipo, nawe hujadanganya. Nyote mnasema kweli, ila mwenye kusimama juani ni wewe.

MCHEZO HUU ULIANZIA KITANDANI KWA MGONJWA

Wataalamu mchezo huu wanauita simulesheni, yaani unaigiza jambo kwenye karatasi au kompyuta, unaliendesha mara nyingi, unaona linavyokwenda kabla hujamwaga pesa barabarani. Na asili yake, wapenzi wa karata mtafurahi. Mwaka 1946 mtaalamu wa hesabu aliyeitwa Stanislaw Ulam, Mpolandi aliyehamia Marekani, alikuwa anaugulia nyumbani, anacheza karata peke yake kupoteza muda. Akajiuliza, uwezekano wa karata hizi kukubali ni kiasi gani? Akajaribu kupiga hesabu, zikamshinda kwa wingi. Ndipo akafikiri: kwa nini nisicheze mara 100 nikahesabu nimeshinda ngapi?

Wazo hilo akampelekea rafiki yake John von Neumann, wakalitumia kwenye hesabu za nyuklia kule Los Alamos. Mwenzao Nicholas Metropolis akalipa jina la Monte Carlo, mji wa kamari, kwa sababu Ulam alikuwa na mjomba aliyekuwa akikopa hela za ndugu kwenda kucheza huko. Kila ukoo una mjomba wa hivyo, msibishe. Na miaka ya 1990 maabara hiyo hiyo ya Los Alamos ikatengeneza programu iliyoitwa TRANSIMS, ya kuigiza safari za wakazi wa mji mzima ndani ya kompyuta, mmoja mmoja.

Kilichonigusa kwenye kisa cha Ulam ni lile neno "mara 100". Sisi tulicheza mara moja nikaanza kushangilia, binamu akanikatisha. Akasema ukirusha dadu raundi moja umepata bahati, hujapata jibu. Tukarudia mpaka saa 5 usiku. Kuna raundi visoda vilifika Kariakoo vimepangana vizuri kabisa. Chache. Nyingi vilishikana njiani.

TUKAANZA KUTIBU

Kuona ugonjwa hakutoshi. Utamu wa mchezo huu ni kwamba unaweza kuwa waziri wa uchukuzi bila kuapishwa. Kesho yake tukaanza kujaribu dawa.

Dawa ya kwanza ni ile inayotajwa na kila mtu kijiweni: ongeza gari. Badala ya kila dakika 6 tukaondoa kisoda kila dakika 5. Ikasaidia, lakini kidogo kuliko nilivyotegemea. Lile gari la ziada liliingia kwenye msululu, nalo likashikana na wenzake. Badala ya tatu kwa mpigo, zikaja nne.

Dawa ya pili ni kuzuia. Tukaweka sheria kituo cha sita, tukakiita Buguruni: ukifika na gari lililotangulia halijamaliza dakika 4 tangu lipite, subiri zitimie. Ebwana, hapa nilishika mdomo! Visoda vilitulia. Ila hakuna dawa isiyo na uchungu. Waliokuwa wameshapanda walikaa Buguruni wanaangalia saa. Mimi nikajiwazia siku ya usaili, nimo ndani ya gari, dereva anazima injini eti anasubiri nafasi. Ningemrukia.

Dawa ya tatu ni mlango. Tukasema maharage 4 yasile dakika 1, ila maharage 12 ndiyo yale dakika 1, kama vile gari lina milango mitatu mipana badala ya kale kamlango ka Coaster ambako anayeshuka na anayepanda wanapimana nguvu. Hii ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Hatukuongeza gari, hatukumzuia mtu, na msongamano wa visoda ukapungua sana, kwa sababu aliyechelewa sasa haadhibiwi tena kwa kuchelewa. Ndipo nikaelewa kwa nini mji wa Curitiba kule Brazili ulijenga vile vituo vya bomba vya kioo mwaka 1991, abiria analipa kabla na sakafu ya kituo iko sawa na ya basi. Na ndiyo fikra iliyokuja na mwendokasi wetu Mei 2016, Kimara mpaka Kivukoni: tiketi kabla ya kupanda, milango mingi, njia ya peke yake.

Kuna dawa nyingine binamu alinisimulia, ya Marekani. Mabingwa wawili, Bartholdi na Eisenstein, mwaka 2012 waliandika kuhusu mabasi ya chuo cha Georgia Tech mjini Atlanta. Walitupa ratiba kapuni. Basi likifika kituo kikuu linaangalia nyuma: mwenzangu anayenifuata yuko mbali kiasi gani? Akiwa mbali nasubiri zaidi, akiwa karibu naondoka. Basi. Waliigiza kwenye kompyuta kwanza, halafu wakajaribu na mabasi ya kweli, nayo yakajipanga yenyewe bila mtu kupiga filimbi.

SUKA AIVURUGA MEZA

Sasa nikaona nimeshakuwa profesa. Jumamosi nikambeba kalenda yangu mpaka kwa jirani yetu, suka wa Coaster ya ruti ileile, mtu mzima mwenye watoto wanne. Nikamwamkia, nikamwonyesha, nikajieleza kwa mbwembwe. Alisikiliza vizuri tu, anatafuna mua. Halafu akauliza:

"Mdogo wangu, hesabu ya tajiri umeiweka wapi?"

Nikabaki nimeduwaa.

Akaendelea, "Kisoda chako kinaondoka stendi kila dakika 6. Mimi siondoki kwa saa, naondoka gari likijaa. Nikiondoka tupu, jioni tajiri atanielewa? Na hapo Buguruni ukinizuia, wa nyuma yangu atanipita, atabeba abiria wangu wote mpaka Kariakoo, mimi nibaki na siti na konda wangu."

Hakuishia hapo. Akaokota maharage yaliyokuwa kwenye chumba cha kwanza, akajaza kisoda mpaka yakamwagika. "Gari limejaa Segerea. Wa Bima atakaa wapi? Wa Relini je? Ndiyo maana nyie wa Relini mnapanda gari linalokwenda juu, mnageuza nalo, mnalipa nauli mbili ili mpate siti. Hao kwenye mchezo wako wako wapi?"

Kweli bwana! Mimi mwenyewe nimegeuza na gari mara ngapi? Na sikuwaweka. Maharage yangu yalikuwa maharage mapole, yanasimama pale pale kituoni yakisubiri. Ya kweli yana akili, yanapanda kurudi nyuma, yanachukua bodaboda, mengine yanatembea mpaka Buguruni.

Nilirudi nyumbani kichwa chini nikamwambia binamu tumeumbuka. Yeye wala. Akasema hapo ndipo kazi inapoanza, kwani igizo lisilofanana na barabara yenyewe ni ludo tu. Kwanza lilingane na unachokiona kwa macho, ndipo uliulize maswali. Kwa hiyo wiki nzima niliamka alfajiri, nikakaa Relini na daftari kuanzia saa 12 mpaka saa 2, naandika kila gari linalopita: saa ngapi, limejaa au lina nafasi, wangapi wamepanda. Makonda wakadhani natumwa na trafiki. Mmoja alinipitishia bure mara mbili kunilainisha, sikukataa.

Kazi hiyo ya daftari wenzetu Nairobi waliifanya kwa upana. Mradi wa Digital Matatus, uliowaunganisha Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, ulituma wanafunzi kupanda matatu wakiwa na simu, wakirekodi vituo na njia. Mwaka 2014 wakatoa ramani ya ruti zaidi ya 100 ambazo kabla ya hapo zilikuwa vichwani mwa madereva na makonda tu. Bila kitu kama hicho kompyuta haina cha kuigiza. Programu zenyewe si tatizo: ipo SUMO ya Wajerumani, imeanza mwaka 2001, ipo MATSim, zote za bure, binamu anazo kwenye laptopu yake iliyopasuka kioo.

Tukabadilisha sheria. Kisoda hakiondoki stendi mpaka kijae maharage 20, au mwenzake wa nyuma afike amsukume. Kikijaa kinapita vituo bila kuzoa. Tukaandika na hesabu: kila haragwe ni nauli, na kila kisoda lazima kifikishe idadi yake jioni. Mapengo tuliyoyapata safari hii yalifanana na ya daftari langu mpaka nikasisimka. Relini ikawa jangwa, gari linapita limejaa, linapita limejaa, halafu matatu yanakuja pamoja. Tukaweka tena ile dawa ya Buguruni, ya kuzuia. Ikafeli vibaya! Aliyezuiwa alishindwa hesabu kila siku, yule wa nyuma akatajirika. Ni suka yule yule alivyosema, na hajui hata kuwasha kompyuta.

Binamu akajaribu kitu kimoja: nauli zote ziingie kapu moja, jioni zigawanywe sawa kwa visoda vyote. Ile ile dawa ya Buguruni ikafanya kazi tena, maana hakuna anayepoteza kwa kusubiri. Tangu serikali iliporuhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, enzi za nauli ya dala, shilingi tano, kila gari limekuwa na hesabu yake na tajiri wake. Sasa kapu moja hilo atalishika nani? Dadu haikutujibu.

Na kuna mengine hatujayaweka bado. Mvua, kwa mfano. Anayeigiza usafiri wa Dar bila mvua anajidanganya, Jangwani pakijaa maji Barabara ya Morogoro inafungwa, na hata karakana ya mwendokasi iliyojengwa pale imeshaoga mafuriko. Trafiki kasimamisha gari, tairi limepasuka, deiwaka kakabidhiwa gari mchana, hayo yote yanataka dadu zake.

Juzi nimempelekea suka matokeo ya kapu moja. Aliyaangalia muda mrefu, mua hakutafuna. Akachukua kisoda kimoja akakiweka kando ya kalenda, nje ya mstari. Nikamuuliza huyo vipi, kaka, kapata ajali? Akasema hapana, huyo ni yule jamaa ambaye gari lake bovu, siku nzima anapiga tripu mbili, jioni anakuja kuchukua mgawo sawa na mimi niliyepiga saba.

Nikamwita binamu kwa simu palepale. Jumamosi hii tunakaa tena, suka kasema anakuja na konda wake, na mama kasema maharage ya Jumamosi tukanunue wenyewe.